Usimcheke Boda wa Koti Zito: Makauboi Nao Walianza Hivyo Hivyo

Hebu jiweke hapa. Ni saa kumi na moja kasorobo alfajiri, mwezi wa Julai. Uko upande wa Likoni, unasubiri feri ikuvushe kisiwani. Kusi inavuma kutoka baharini, na wewe umevaa shati lako la kazini la mikono mifupi kwa sababu si ni Mombasa, baridi itoke wapi? Mara boda anasimama mbele yako. Amevaa koti lililotunishwa kama godoro, kofia yake ina manyoya, na koti lenyewe amelivaa kinyume: mgongo uko kifuani, zipu iko nyuma. Unajua utakachofanya. Utacheka. Ukiwa na simu mkononi utampiga picha, uandike "huyu anaenda Ulaya na piki", halafu uirushe kwenye grupu.

Sikulaumu. Hata mimi nilicheka. Nilicheka mpaka siku barabara iliponifundisha adabu, na haikunifundishia Shika Adabu. Ilinifundishia mbele kidogo, Ng'ombeni.

Nikupe kisa kwa ufupi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, hakuna hadithi ndefu hapo. Nikarudi nyumbani Likoni nikiwa na simu, blogu yenye wasomaji wachache na njaa ya kutosha. Binamu yangu ni boda, piki si yake, kila siku lazima ampelekee mwenyewe hesabu. Akaniambia, "Kaka, mimi napiga mchana. Usiku njoo upige skwodi, usikae bure." Nikakubali. Wiki ya kwanza nikatoka na fulana, jinzi na kandambili. Binamu akanipa koti lake zito, nikakataa. Nilikuwa naogopa watu wa chuo wanione feri nikiwa nimefungwa kama mzigo. Aibu ilikuwa inanisumbua kuliko baridi.

Usiku wa nne nikapata mteja wa Ukunda, saa tisa usiku. Kwenda, sawa. Kurudi nilikuwa peke yangu, manyunyu yakaanza, na mimi kwenye lami tupu nikavuta mafuta nifike haraka. Nilipofika Tiwi vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kufika Ng'ombeni mbuzi akakatiza barabara. Nilijua breki iko wapi. Mkono ndio haukujua. Vidole vilichelewa kukunja, kidogo tu, na hicho kidogo kikatosha. Mbuzi alipona. Mimi nikaburuzika na lami, goti na muundi vikachunika, kiwiko kikafunguka. Kovu liko mpaka leo, na mwenye piki alitaka pesa ya taa iliyovunjika kabla hajauliza kama naweza kutembea.

Baridi ya Mombasa inatoka wapi?

Ni kweli Mombasa hatuna barafu. Katika kipupwe, Julai na Agosti, usiku vipimo hushuka hadi karibu nyuzi 20. Mtu wa Limuru akisikia hivyo atakuona unadeka. Lakini mtu wa Limuru hajui hesabu ya piki.

Mwili wako una joto la nyuzi 37 hivi, na ngozi yako hujitengenezea tabaka jembamba la hewa ya moto kuizunguka. Ukisimama tu, tabaka hilo linakaa. Ukiendesha kwa kilomita 60 kwa saa, upepo unalipeperusha kila sekunde, na mwili unaanza upya. Ongeza nguo iliyolowa: maji yakikauka yanaondoka na joto lako. Damu nayo inakimbilia kifuani na tumboni kulinda viungo vya maana, inaacha vidole na magoti. Na boda anavuta klachi na breki kwa nini? Kwa vidole. Kwa hivyo lile koti unalolicheka ni kifaa cha kazi, kama breki yenyewe.

Kuvaa kinyume nako kuna maana. Zipu ina mwanya, na upepo unapenda mwanya. Ukigeuza koti, kifuani unabaki na kitambaa kizima kisicho na tundu. Wengine huongeza kipande cha katoni au gazeti ndani. Hakuna aliyewafundisha darasani. Walijifunza kwa kutetemeka.

Suruali isiyo na makalio

Goti lilipokauka nilivuka feri, nikapanda matatu, nikapita daraja la Nyali hadi Kongowea. Kama hujawahi kufika Kongowea asubuhi mabeli yakifunguliwa, umekosa sinema. Watu wamelizunguka robota kabla kamba haijakatwa. Likishakatwa ni mikono tu. Wenye macho makali wanachukua kamera, yaani zile nguo bora za mwanzo. Wanaochelewa wanabaki na fagia. Zamani wazee wengine waliita nguo hizi kafa Ulaya, kwamba mwenyewe amefariki huko ndipo nguo ikatufikia. Jina la kutisha, lakini nguo ni nguo.

Siku hiyo mama mmoja alikuwa amefungua beli la majaketi mazito. Usishangae, yana wateja wake hapa Mombasa. Walinzi wa usiku wanayataka. Madereva wa malori wanaotoka Changamwe kupanda bara, na utingo wao, wanayataka. Mtu anayefanya kazi kwenye vyumba vya barafu vya samaki anayataka. Na sisi boda. Nikapata koti langu, la rangi ya kijani, kwa shilingi 600 baada ya mabishano marefu. Chini ya rundo nikaona ngozi nyeusi. Nikavuta. Ikatoka miguu miwili ya suruali, ina zipu ubavuni kutoka pajani hadi chini, ina mshipi kiunoni, na nyuma hakuna kitu. Wazi kabisa.

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema panya wa melini wamekula makalio. Mwingine akasema hiyo ni ya mtu aliyeharisha. Mama mwenye meza akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, hiyo imekatwa. Lakini ngozi ni nzuri, mpelekee fundi akutolee mikoba."

"Mama, bei gani?"

"Wewe ichukue 250 unitolee nuksi mezani."

Nikaichukua, kwa sababu niliiangalia pale kwenye goti, ngozi nene imeshonwa mara mbili, nikakumbuka lami ya Ng'ombeni. Kwenye matatu ya kurudi nikaanza kutafuta kwenye simu. Nikakuta kumbe kitu hiki kina jina, kina historia, na kilianza na watu waliokuwa wanafanya kazi kama yangu: kukaa juu ya kitu kinachokwenda mbio, usiku na mchana, kwa ujira mdogo.

Kutoka kwenye miiba hadi kwenye theluji

Jina lake ni chapsi, kifupisho cha neno la Kihispania chaparreras. Wapanda farasi wa Mexico walikuwa wakichunga ng'ombe kwenye vichaka vya miiba, na miiba ile ilikuwa inachana suruali na mapaja. Wakavaa ngozi juu ya suruali. Nyuma wakaacha wazi kwa sababu mtu amekalia tandiko, hapo haihitajiki, na ngozi ingemfanya atokwe na jasho bure. Makauboi wa Texas wakaiga. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kuisha mwaka 1865, ng'ombe wakaanza kuswagwa kwa maelfu kuelekea kaskazini, kwanza kwenye reli za Kansas, baadaye hadi nyika za Wyoming na Montana.

Huko kaskazini hakukuwa na shida ya miiba. Kulikuwa na baridi, na usifikirie baridi ya kipupwe. Rogers Pass, huko Montana, tarehe 20 Januari 1954, kipimo kilisoma karibu nyuzi 57 chini ya sufuri. Ukiacha Alaska, hakuna baridi kali zaidi ya hiyo iliyowahi kupimwa Marekani.

Hapo ndipo chapsi ikaota manyoya. Mafundi wakachukua ngozi ya mbuzi wa Angora, yule mwenye manyoya marefu laini ambaye asili yake ni pande za Ankara, Uturuki, wakashona chapsi manyoya yakiwa nje. Wengine walitumia ngozi ya kondoo au ya dubu. Ukiona picha za zamani utadhani mtu amevaa mbwa wawili miguuni. Lakini fikiria ile hesabu yetu ya tabaka la hewa: ngozi inazuia upepo usipite, manyoya yanashika hewa ya moto isipeperushwe. Ni fizikia ile ile ya boda wa Likoni na katoni yake kifuani.

Chini ya chapsi walivaa nguo ya ndani ya sufu, kipande kimoja kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu. Vazi hilo lilipewa hataza New York mwaka 1868. Juu yake shati la sufu, suruali nzito, na koti, wengine la ngozi ya nyati wa Marekani. Shingoni kitambaa kikubwa, ambacho upepo ukizidi kinafungwa masikioni. Kofia pana ya kitambaa kilichoshindiliwa, ile ambayo John B. Stetson alianza kuiuza Philadelphia mwaka 1865, ilizuia jua, mvua na theluji.

Na usidhani nguo zilitosha kila mara. Majira ya baridi ya 1886 hadi 1887 yaliua ng'ombe kwa maelfu na maelfu kwenye nyika hizo. Kuna kijana kauboi wa Montana, Charles M. Russell, ambaye bosi wake alitaka kujua hali ya mifugo. Badala ya maelezo marefu, Russell alichora kwenye kikaratasi kidogo ng'ombe mmoja, mbavu nje, amesimama kwenye theluji na mbwa mwitu wakimsubiri. Mchoro ule ulisema yote, na Russell baadaye akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa maisha ya makauboi. Alikuwa na umri kama wetu tu, ishirini na kitu.

Kauboi wa sinema si kauboi wa kazi

Sasa tuelewane. Ukisikia kauboi unawaza mzungu mrefu mwenye bastola mbili, si ndio? Hiyo ni kazi ya maonyesho na sinema. Buffalo Bill alianza maonyesho yake mwaka 1883, akawa anauza kauboi kama burudani, na Hollywood ikaendelea hapo. Chapsi za manyoya zikawa pambo la jukwaani.

Kwenye kazi yenyewe hali ilikuwa tofauti. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu mmoja kati ya makauboi wanne alikuwa mweusi. Nat Love alizaliwa mtumwa Tennessee mwaka 1854, akawa kauboi, na mwaka 1907 akachapisha kitabu cha maisha yake. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, ndiye aliyeanzisha mchezo wa kuruka kutoka kwenye farasi na kumwangusha fahali kwa pembe. Ongeza Wamexico na Wahindi Wekundu, wenyeji wa nchi ile. Hawa walikuwa vibarua. Walivaa walichovaa kwa sababu kazi iliwalazimisha, na watu wa mjini waliwaona washamba.

Mwishowe watu wa mjini wakataka kuvaa kama wao. Ndivyo inavyokuwa. Angalia hata jinzi uliyovaa sasa hivi. Mke wa mfanyakazi mmoja alimwendea fundi cherehani, Jacob Davis, kule Reno, Nevada, akitaka suruali ya mumewe isiyochanika. Davis akapigilia ribiti za shaba kwenye kona za mifuko. Akaungana na Levi Strauss, na tarehe 20 Mei 1873 wakapata hataza. Leo mtu wa Nyali ananunua jinzi iliyochanwa magotini makusudi, tena ghali. Nguo ya kibarua ilishakuwa mtindo zamani.

Hapa kwetu pia kauboi yuko. Nairobi kuna usiku wa muziki wa kantri, watu wanajaa na kofia na mabuti, na Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, amejijengea jina kwa muziki huo. Kwenye kumbi hizo kofia ya kauboi ni ustaarabu. Boda wa Mtongwe aliyevaa koti la baridi kwa sababu ile ile iliyomvalisha kauboi wa kweli ni kichekesho. Unaona mkanganyiko wetu?

Kabla hujakimbia Kongowea

Nimezivaa chapsi zangu miezi kadhaa sasa. Nikuambie ukweli wote, na ubaya wake.

Uzuri: goti halifi ganzi tena. Ekzosi haijanichoma muundi hata mara moja, na kama unapanda boda unajua kovu hilo la duara, nusu ya Likoni wanalo. Nyuma ni wazi, kwa hivyo kiti hakinipikii. Nikifika kituoni navuta zipu, natoa, nabaki na jinzi yangu kama mtu wa kawaida.

Ubaya: mchana ni jehanamu. Kwenye saa tano asubuhi pale Magongo ukivaa ngozi utaiva. Mvua kubwa ikinyesha, ngozi inakunywa maji, inakuwa nzito na kukauka ni siku mbili. Makauboi nao walijua hilo, manyoya yakilowa yalikuwa mzigo, ndiyo maana wa mahali pa joto walibaki na ngozi tupu.

Ukienda kuchagua, fanya hivi. Kunja ngozi na uikwaruze kidogo kwa kucha: kama inachubuka kama rangi ya ukuta, hiyo ni plastiki, achana nayo. Nusa ndani ya kwapa. Harufu ya ukungu haitoki kirahisi. Vuta zipu mara tatu. Angalia mishono ya magoti na viwiko, kwa sababu hapo ndipo utakapoangukia. Koti lioshe na ulianike juani kabla ya kulivaa. Na kama ni jeusi au la kijani kama langu, vaa jaketi lenye rifleketa juu yake. Si hiari, ni sheria ya trafiki, pamoja na helmeti na abiria mmoja tu. Lori linaloshuka Changamwe usiku halioni ujasiri wako, linaona kinachong'aa.

Epuka kitu chochote kinachoning'inia. Kuna chapsi pana zinazopeperuka kama mabawa, hizo ni za farasi, kwa sababu farasi hana cheni. Wewe piki yako ina cheni na spoki. Na hili ni la abiria pia: dada, mama, ukipanda boda na buibui au leso, ikusanye vizuri na uikalie kabla piki haijaondoka. Ikishikwa na gurudumu la nyuma haikupi muda wa kupiga kelele. Boda, mkumbushe abiria wako. Sema tu, "Mama, shika nguo yako tafadhali." Sekunde mbili.

Mwisho, koti si helmeti. Nimeona watu wamevaa kama wanakwenda Montana, kichwani kofia ya sufu tupu na miguuni kandambili. Baridi haitakuua Likoni. Itachelewesha vidole tu, halafu lami ndiyo itamaliza kazi. Anza na kichwa, kisha mikono, kisha magoti. Glavu za mtumba nilizipata kwa shilingi 80, na kama ningekuwa nazo usiku ule, huenda mimi na yule mbuzi tungepishana kwa amani.

Wiki iliyopita, alfajiri, nilimbeba jamaa niliyesoma naye. Aliniona na ngozi zangu, akacheka, akapiga picha. Nikamwacha. Tulipofika penye upepo nikasikia ameinamisha kichwa nyuma ya mgongo wangu, ananiambia, "Kaka, punguza kidogo, baridi." Nikapunguza. Picha sijui kama aliirusha.

Binamu yangu naye alisema nimenunua ushuzi wa farasi. Sasa anaaga kwa mwenye piki kwamba mchana hana wateja, anataka usiku wa Ijumaa apige yeye. Nikiuliza kwa nini, anaangalia pembeni. Ijumaa ikifika nikitafuta chapsi zangu kwenye msumari, hazipo.